Koti Lisilofuliwa

Nisikilizeni majirani, na hasa nyinyi mlio na vijana wanaosoma mbali kuliko mlivyosoma wenyewe. Mimi ni fundi cherehani. Sayansi sijui, na sitajifanya naijua. Mambo ya maabara nitakayoyasema nimeyapata kwa jirani yangu mwenyewe, akiwa amekaa kwenye stuli ya wateja wangu, kichwa amekishika kwa mikono miwili. Mengine niliyaona kwa macho yangu, maana mlango wangu na mlango wao ilitazamana.

Nyumba yetu ilikuwa ya kupanga, vyumba vimezunguka ua wa saruji, bomba la maji katikati na kamba za kuanikia nguo zimepita juu. Asubuhi pale ilikuwa raha. Mume anapiga mswaki bombani, mke anaanika nguo huku akiimba kwa sauti ya chini, na binti yao mdogo anavuka ua peku kuja kukagua kazi yangu. Mtoto yule tulimwita Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika.

"Bibi Sindano, hii nguo ya nani?"

"Ya mteja."

"Kwa nini haina mikono? Mteja hana mikono?"

"Mikono bado sijaishona."

"Sasa yeye leo anashika nini?"

Mjibu mwenyewe kama unaweza. Mimi nilikuwa nampa kitambaa akatekate ili nipate kufanya kazi. Sikujaliwa mjukuu wa damu, nikampata huyo wa jirani, na nilimpenda kuliko nilivyokuwa nikisema.

Baba yake alikuwa mwalimu wa sekondari. Baada ya kuomba mara nyingi, akapata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili ya kemia. Siku ile ua mzima ulifurahi. Alikuja kwangu mbio akanunua heshima yake mapema. "Mama, nishonee koti la maabara. Refu, jeupe, la pamba nzito, mifuko mitatu." Nikamshonea. Mshono ule sikuufanya kwa kulipua. Kola ilikaa, pindo lilinyooka. Alipolivaa uani, Chiriku alimzunguka akimtazama juu mpaka chini.

"Baba umekuwa daktari?"

Tangu siku hiyo mtaa mzima ukamwita Dokta. Mwanzoni alikataa, akaeleza kuwa yeye ni mtu wa kemia, si wa kutibu. Baadaye akaacha kueleza. Baadaye tena akawa anaitika kabla hujamaliza kuita. Binadamu ndivyo tulivyo, jina zuri halichubui shingo.

Sasa, siku ya kwanza ya masomo aliondoka na koti langu mwilini. Jioni akarudi nalo limekunjwa kwapani, na mgongoni amevaa jingine. Jamani, koti lile! Lina madoa ya njano, ya kahawia na ya rangi nisizozijua majina. Mikononi limetobokatoboka, bitana imeachia, mfuko wa mbele umeshonwa na mtu asiyejua kushona.

"Hilo nini tena?" nikamuuliza. "Wamekuibia langu wakakupa la fundi gereji?"

Akacheka. "Mama, hujui. Hili nimerithi."

Akanieleza. Katika maabara yao, anayemaliza humwachia koti anayeingia. Huyu wake alikuwa mwanafunzi wa siku nyingi waliyemwita Mkongwe, ambaye sasa amepandishwa kuwa msaidizi wa Profesa na hafanyi tena kazi za kushika vichupa. Koti la namna hiyo halifuliwi. Kila doa lina hadithi yake, na mwenye madoa mengi ndiye msomi. Yeye alipoingia na koti jeupe la pasi, walimcheka tangu asubuhi hadi jioni wakimwita bwana harusi. Basi langu akalitia ndani ya sanduku chini ya nguo za sikukuu, likakaa huko.

"Na kwa nini halifuliwi?" nikamuuliza.

"Ndiyo mila yetu," akasema. Tayari ilikuwa mila *yetu*, na hajalala nayo hata usiku mmoja.

Ndugu zangu, mtauliza: kwani hawakufundishwa namna ya kujikinga na zile dawa zao kali? Nami niliuliza. Ilikuwa hivi. Wageni wote waliitwa kwenye chumba cha mikutano, wakakuta chai na mikate. Kwenye ratiba paliandikwa kuwa asubuhi hiyo ni ya kufundishwa usalama wa maabara. Profesa akaingia akiwa na haraka ya kwenda kwenye kikao kingine. Akasema, "Nyinyi ni watu wazima, wengine mna familia. Sitaanza kuwafundisha kuvaa glavu kama watoto wa chekechea. Mengine mtayajua mbele kwa mbele. Chai inapoa." Wakampigia makofi. Walifurahi kuheshimiwa.

Mimi siku ya kwanza niliyokwenda kujifunza ushonaji, bibi aliyenifundisha alinikamata kidole, akakiweka karibu na sindano ya cherehani, akasema, hapa ndipo watu wanapoachia kucha zao. Akanikaripia kabla sijakosa. Nililia kwa hasira, lakini vidole vyangu vyote ninavyo. Ile ndiyo heshima, majirani. Kumwambia mtu "wewe ni mkubwa, utajua mwenyewe" ni kumtupa kwa maneno matamu.

Kazi ya Dokta ilikuwa kupima namna gesi inavyopenya kwenye mawe. Chombo chake kilikuwa cha kioo, kirefu, cha zamani, na ndani yake mlikuwa na zebaki. Wengi wenu mmeiona zebaki kwenye vipimajoto vya zamani, ile inayong'aa kama fedha iliyoyeyuka na haikamatiki kwa vidole. Siku moja alikuwa ameinama anakaza kiungo cha kile chombo, kioo kikakatika mkononi mwake. Zebaki ikamwagika mezani, ikateremka ukingoni kama maji, na nyingine ikaingia moja kwa moja kwenye mfuko wa koti uliokuwa umeachama.

Hakuumia. Hapakuwa na moshi wala harufu. Hilo ndilo baya la kitu hiki, kama nilivyokuja kuelezwa: kinatoa mvuke usioonekana wala kunusika, nao ukikutana na joto huongezeka, na mapafu ya mtoto huyaharibu upesi kuliko ya mtu mzima. Yeye hayo hakuyajua. Alijua uzito wake, alijua alama yake ya kitaalamu, alijua inachemka kwenye joto gani. Kwamba inaweza kumfuata mpaka nyumbani hakuna aliyemwambia.

Akamgeukia Mkongwe. "Kaka, hii nifanyeje?"

"Fagia tu, bwana harusi. Mchezo wa gololi huo."

Wakainama wote, wakazikimbiza zile chembe sakafuni kwa vipande vya karatasi ngumu, wanacheka. Dokta alitaka kwenda kumuuliza Profesa. Lakini aliyewahi kumuuliza swali la namna hiyo aliulizwa naye mbele za watu, "Wewe hadi uzamili ulifikaje?" Kuuliza si ujinga, tunasema kila siku. Jaribu kuuliza mahali ambapo kila mtu anajifanya anajua, uone. Akaukung'uta mfuko kwenye pipa la taka, akaona imetosha. Kumbe mfuko ule ulikuwa na tundu kwa ndani. Zebaki ilishaingia kwenye bitana, ikashuka taratibu mpaka kwenye pindo, ikatulia huko.

Na koti akaja nalo nyumbani, kama kawaida yake. Alikuwa akilivaa barabarani makusudi ili watu wamwone. Wazee walimsimamisha wamwonyeshe magoti yao yanayouma, naye akawaangalia kwa makini kana kwamba anaona kitu. Akifika, Chiriku alimdaka mlangoni, akaingia ndani ya koti, akajifunika, akasema yeye hayupo. Usiku liliangikwa kwenye msumari juu ya kitanda cha mtoto, kwa sababu chumba kilikuwa kimoja na msumari ulikuwa huo.

Miezi ikapita. Chiriku akabadilika. Alianza kwa kulialia bila sababu, akatoka jasho hata kukiwa na baridi, akaacha kula. Viganja na nyayo vikawa vyekundu, vikamenyeka kama mtu aliyelowekwa. Mama yake akampeleka zahanati mara nyingi. Mara ni meno, mara ni minyoo, mara ni aleji ya sabuni. Wakamuuliza mama, mtoto anakula nini, analala wapi, anacheza na nani. Kuhusu nguo za baba hawakuuliza, na nani angewaza?

Kilichonichoma mimi ni kimya. Alikuwa anakuja bado mpaka kwenye cherehani, anakaa chini, ananitazama nikishona. Nikimwonyesha gauni lisilo na mikono, hasemi kitu. Nikajaribu kumchokoza: "Leo mteja wangu hana kichwa kabisa, angalia." Akaniangalia, akalaza shavu lake kwenye goti langu. Nilimwambia mama yake, mwanangu, mtoto huyu si meno. Akanijibu huku machozi yanamlenga, "Najua, mama. Ila kila ninapokwenda wananirudisha na chupa ya dawa."

Mwaka ukazunguka, wanafunzi wapya wakawa wanakuja. Profesa akamwita Dokta, akamwambia, "Mwaka huu wewe ndiye utazungumza na wageni kuhusu usalama. Nusu saa tu, kabla ya chai. Wewe ulikuwa mgeni juzi, unajua wanachohitaji." Alirudi nyumbani amenyooka kama aliyemeza ufito. Aliyekuwa hajafundishwa neno moja amepewa kazi ya kufundisha. Wala hakuona ajabu, na mke wake hakuona ajabu, na mimi pia nilimpongeza.

Mkewe ndiye aliyelianzisha. Nilikuwa nao uani, nilisikia.

"Mume wangu, utasimamaje mbele za watu na hilo tambara?"

"Halifuliwi hili."

"Kwa nini?"

Akafikiri. "Ndivyo ilivyo," akasema.

"Hiyo si sababu. Kwetu hata pazia la choo linafuliwa."

Akacheka, akanyanyua mikono. "Haya, fua. Ila usiyatoe madoa yote, watanikataa."

Hapo, ndugu zangu, ndipo palipokatika kamba. Neno lililotakiwa kumwokoa mwanawe alikuwa nalo mdomoni: halifuliwi. Lakini alipewa neno bila maana yake, na neno lisilo na maana halina nguvu ya kumkatalia mke anayekupenda.

Mama Chiriku alilifua kwenye beseni. Alikuja kuniambia baadaye kwamba aliona vitu vinameta chini ya maji, akadhani ni povu, akamwaga. Alipolianika, koti lilivutika upande mmoja. "Mama, ona," akaniita, "hata koti limechoka kusoma." Mvua ikanyesha mfululizo, likakataa kukauka.

Asubuhi ya shughuli yenyewe bado lilikuwa na unyevu. Dokta alikuwa ameinama nje barazani akivipiga viatu rangi. Mama Chiriku akafunga dirisha kwa sababu ya manyunyu, akatandika blanketi kitandani, akachomeka pasi mpaka ikawa moto wa kukoleza. Mtoto alikuwa amelala upande wa ukutani, usiku hakupata usingizi kwa homa. Akapiga pasi mikono, akapiga kola. Pindo lilikuwa nene, limefura, halilali. Basi akalikandamiza pasi, akasubiri, akageuza, akakandamiza tena. Mvuke ulipopanda aliona ni wa maji. Alitaka mume wake apendeze, hilo tu.

Akalivaa, akaniaga, akaondoka. Kweli alipendeza.

Kilichotokea kule alinisimulia mwenyewe. Walikaa wageni mbele yake wamejaa, na baadhi yao wana makoti meupe mapya. Akawatania akawaita mabwana na mabibi harusi, wakacheka. Akawaambia milango iko wapi na ndoo ya mchanga iko wapi. Kisha msichana mmoja wa mstari wa mbele akanyoosha mkono.

"Samahani kaka, nimeona vyombo vyenu vina zebaki. Ikimwagika tunafanyaje?"

Akajibu bila kufikiri. "Mnafagia tu. Mchezo wa gololi huo."

Wakacheka tena, na yeye akajisikia mkubwa. Simu yake ilikuwa kwenye begi, ameifunga mlio kwa heshima ya kikao. Ilikuwa inaita. Aliyekuwa anapiga ni mimi.

Kwa sababu mimi nilisikia kikohozi. Kwanza cha mama, kikavu, hakikomi. Nikavuka ua nikasukuma mlango. Mama Chiriku alikuwa amekaa sakafuni ameegemea kitanda, midomo imempauka, akasema mdomo wake una ladha ya misumari na kifua kinabana. Mtoto alikuwa mapajani mwake. Mbavu zilikuwa zinaingia ndani na kutoka, zinaingia na kutoka, na macho yamenikazia mimi. Nikamnyanyua. Jirani mwenye gari alitukimbiza hospitali na pijama zake mwilini.

Daktari aliuliza kila kitu. Mlikuwa mnapaka rangi? Mlilala na jiko la mkaa? Kuna dawa ya wadudu? Hapana, hapana, hapana. Mama alijibu mpaka pumzi ikamwishia, nikabaki kujibu mimi. Dokta alipofika mbio alikuwa bado amelivaa.

"Wewe ndiye baba? Unafanya kazi gani?"

"Nasoma. Niko maabara ya kemia."

"Mnatumia nini huko?"

Akaanza kutaja, moja baada ya jingine, upesi upesi, kama mwanafunzi anayeulizwa darasani. Alipofika kwenye zebaki, mkono wake ukashuka wenyewe mpaka kwenye pindo la koti, ukalishika. Daktari alichukua mkasi akalikata pale pale juu ya sinia la chuma. Zikatoka zile chembe zinazong'aa, zikakimbizana kwenye sinia. Nyingi zilikuwa zimeshaondoka na pasi, lakini zilizobaki zilitosha kusema.

Dokta akapiga magoti. Alitoa sauti ambayo sitaki kuisikia tena kwa mwanamume yeyote.

Chiriku hakumaliza wiki. Walimwekea hewa, walimpa dawa za kuitoa ile sumu kwenye damu, lakini mapafu yake yalikwisha kuungua kwa ndani. Siku moja kabla, alinishika kidole changu cha kati, chenye kastabini ya chuma ya kuzuia sindano, niliyosahau kuivua, akakizungusha zungusha. Nikasema, uliza, mama, uliza hiki ni nini. Hakuuliza. Namsubiri mpaka leo aniulize.

Mazikoni Profesa alikuja na gari la chuo na wanafunzi wake. Alizungumza vizuri. Akasema idara nzima imefiwa. Akamalizia kwa kutikisa kichwa: "Tutafanyaje? Ajali haina kinga."

Mimi ni mtu wa kunyamaza misibani, lakini siku hiyo ulimi ulikataa. Nikasimama. "Profesa," nikamwambia, "hii ilikuwa na kinga. Kinga yake ni maneno machache ambayo mngeyasema kabla ya chai."

Watu wakanivuta kanga nikae. Profesa aliangalia viatu vyake. Palepale nyuma yake alikuwepo mzee mmoja aliyekwisha kustaafu, zamani alifundisha katika idara ile ile. Akanifuata baadaye na kunieleza jambo lililoniumiza zaidi. Zamani, akasema, wageni walifundishwa wiki nzima kabla ya kugusa chupa, na mwisho wake waliulizwa mmoja mmoja. Sheria ya koti ilikuwepo tangu enzi hizo, nayo ilisema hivi: koti la maabara haliendi nyumbani, na halifuliwi nyumbani; linafuliwa hapa, na wanaojua lina nini. Mashine ya kufulia ikaharibika, haikutengenezwa. Yeye akastaafu. Wiki ya mafunzo ikawa siku, siku ikawa nusu saa, nusu saa ikawa chai. Katika sheria yote ikabaki "halifuliwi," vijana wakaipokea, wakaipamba, wakaifanya sifa.

Sasa mtadhani mambo yalibadilika. Maabara ilifungwa kwa muda, watu wakaja na vyombo vyao wakasafisha, hata chumba chetu kilibanduliwa sakafu. Mlangoni pa maabara pakabandikwa bango kubwa: USALAMA KWANZA. Kisha ikafunguliwa.

Mama Chiriku hakufa, lakini simwiti mzima. Akipanda ngazi chache anasimama kutafuta pumzi. Mikono yake inatetemeka, hawezi hata kutunga uzi kwenye sindano. Pasi hajaishika tena. Nguo zao zilikuwa na makunyanzi hata za kwenda kuhani. Mumewe hakumlaumu hata siku moja, wala yeye hakumlaumu mumewe, na nadhani ingekuwa nafuu kama wangegombana. Walikaa kwenye chumba kile, kila mmoja akimwogopa mwenzake atakavyomtazama.

Dokta aliacha masomo. Jambo moja tu lilikuwa limemshika: lile jibu. Aliwaambia wale wageni wafagie, na lazima aende akalitengue. Akaenda. Alisimama kwenye mlango wa maabara, akamwambia kila anayepita: nilikosea, msifagie, tokeni nje, fungueni madirisha, iteni anayejua, koti lisiondoke hapa. Siku za kwanza walisimama wakamsikiliza kwa huruma. Akarudi wiki iliyofuata, na iliyofuata. Wakaanza kupitia mlango wa nyuma. Mkongwe akamtoa pembeni, "Kaka, tunakuelewa, lakini unawatisha watoto wa watu." Profesa akasema anaharibu jina la idara. Mwishowe mlinzi aliambiwa asimruhusu getini. Alirudi siku hiyo akakaa kwenye stuli yangu, akasema, "Mama, uongo wangu walinisikiliza kwa neno moja. Ukweli nimeusema mwezi mzima."

Walihama kimya kimya. Wakati wa kufunga mizigo, Mama Chiriku aliniletea lile koti langu jeupe kutoka chini ya sanduku. "Halijavaliwa, mama," akasema. Sijui walikokwenda. Mtaani jina la Dokta limekufa; wakimtaja, wanasema yule aliyechanganyikiwa.

Siku hizi nashonea kwenye duka la kando ya barabara; juzi aliingia humo msichana. Mikononi ana koti la maabara, lina madoa ya njano na ya kahawia kama lile la Dokta, mikono imetobokatoboka.

"Mama, nipunguzie mabega. Ni kubwa kwangu."

Sikuligusa. "Umelirithi?"

"Ndiyo."

Nikamwambia akae. Nikamsimulia yote haya, kama ninavyowasimulia nyinyi, tangu gauni lisilo na mikono mpaka kastabini. Alilia. Nilipomaliza, akasema kwa sauti ndogo, "Najua, mama. Siku ile nilikuwepo. Mimi ndiye niliyeuliza lile swali."

"Na bado unalivaa?"

Akainamisha uso. "Mwaka mzima nimekataa, nimevaa langu. Sasa ndio Profesa anachagua wasaidizi wake. Wanasema sijawa mwenzao. Wananiita bi harusi."

Nikasimama, nikatoa lile koti jeupe, nikamwekea magotini. Chukua, bure, nitalipunguza sasa hivi. Akalipapasa kola. Akalikunja vizuri sana, akanirudishia, akanishukuru kwa heshima zote. Kisha akavuka barabara akaingia kwa fundi mwenzangu. Nilimfuata, jamani, sikukaa. Nikamweleza yule fundi. Akanijibu huku ananyunyizia maji lile koti, "Mama, ukianza kuwauliza wateja nguo zao zimetoka wapi, utashona nini?" Na akashika pasi. Nilisimama mlangoni nikisikia maji yanalia chini ya chuma cha moto, na nyuma ya pazia mwanawe mchanga anakohoa. Nikapiga kelele mpaka watu wakajaa. Wakanishika mkono kwa upole, wakanirudisha kwangu, wakasema mama huyu tangu msiba ule hayuko sawa.

FUNZO

Mnaopokea wageni kwenye kazi za hatari, wafundisheni siku ya kwanza, kabla ya chai, hata wakiwa na shahada mbili na ndevu nyeupe. Waambieni nini kinaua, kinaua vipi, na kikimwagika wamkimbilie nani. Kila katazo liende na sababu yake, kwa maana katazo lisilo na sababu huoza likageuka mchezo. Na atakayeuliza, msimcheke.

Nanyi mnaosoma, cha maabara kibaki maabara. Usirudi nacho mwilini kwa watoto wako. Kama hujui, sema hujui. Aibu yake ni ya siku moja.

Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Tunalisema hilo kumtisha mkosaji. Mimi nimeona ulimwengu ukimwacha mkosaji, ukamfunza mtoto wake ambaye hakuwa na kosa lolote.

Na asiwepo wa kuniambia tena kuwa ajali haina kinga. Kinga moja inaning'inia dukani kwangu, nyeupe, mifuko mitatu, ya bure kwa yeyote atakayeitaka. Kila asubuhi naipangusa vumbi. Bado hajaja mtu.